BHT Inalinda Mafuta, Haiyafufui

Chini ya Mlima Hanang, katika vijiji kama Gendabi, mafuta ya kupikia hutoka shambani na zizini. Alizeti ikikauka hupelekwa mashineni. Mashudu hulishwa mifugo, mafuta hujazwa kwenye madumu. Wafugaji wa Kibarbaig nao wana samli yao. Samli iliyochemshwa vizuri hudumu muda mrefu. Mafuta ya alizeti yakiwekwa ovyo hubadilika harufu na kuacha ukakasi kooni. Hapo yamechacha.

Sababu ni asidi ya linoleiki, ambayo katika alizeti ya kawaida mara nyingi huzidi nusu ya mafuta yote. Kwenye samli ni asilimia chache tu. Molekuli yake ina atomu za haidrojeni zilizoshikwa kwa ulegevu. Joto, mwanga au chembe za kutu zikisababisha moja ing'oke, kinachobaki huitwa radikali huru. Radikali hiyo hujishikiza kwa oksijeni, kisha hupokonya haidrojeni ya molekuli jirani, na jirani naye hufanya vivyo hivyo, kama moto wa nyika unavyorukia nyasi kavu. Mwishowe molekuli huvunjika na kutoa vitu vyenye harufu, kama heksanali.

Hapo ndipo BHT inapofanya kazi. Kemikali hii hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha para-kresoli na isobutileni, na Marekani iliiruhusu kwenye chakula mwaka 1954. Kwenye lebo huandikwa BHT, E321 au INS 321. BHT huipa radikali haidrojeni yake yenyewe, radikali ikatulia. BHT iliyopoteza haidrojeni haiendelezi uharibifu, kwa sababu vikundi viwili vikubwa vya atomu vimeizingira oksijeni yake. Lakini molekuli moja hukatiza minyororo ipatayo miwili tu, kisha imekwisha. Kwa hiyo BHT huchelewesha kuchacha. Mafuta yaliyokwisha kuchacha hayarudi kuwa mema hata yakiongezwa BHT kiasi gani.

Mpira, plastiki na mafuta ya mashine huharibiwa na oksijeni kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana BHT imo humo pia. Mafuta ya transfoma yanaweza kuwekewa hadi asilimia 0.4, yaani miligramu 4,000 kwa kila kilo. Kiwango cha juu cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mafuta mengi ya kula ni miligramu 75 kwa kilo. Asije mtu akadhani kwamba BHT ya viwandani inafaa kutiwa kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Ya chakula ina masharti yake ya usafi, na hupimwa kwa mizani ya uhakika.

Je, ni salama? Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 0.25 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidi miligramu 15. Gramu 50 za mafuta yenye kiwango cha juu cha Codex zina miligramu 3.75. Kwa mtoto wa kilo 15, gramu hizohizo tayari zimefika kikomo chake. Kwa hiyo kipimo si jambo la kupuuzwa. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Yupo pia adui ambaye BHT haimwezi vizuri: jua. Mafuta yasiyosafishwa huwa na mabaki ya klorofili. Mwanga ukiyapiga, klorofili huisisimua oksijeni, nayo huyashambulia mafuta moja kwa moja bila kusubiri radikali. Chupa angavu zinazopangwa kando ya barabara juani huvutia wateja, lakini ndani mafuta yanaharibika.

Alizeti ina kinga yake ya asili, vitamini E, ambayo mara nyingi hufikia miligramu 500 kwa kilo. Mkamuaji wa Hanang ana wajibu wa kuilinda: akamue mbegu zilizokauka, atumie chombo safi kisicho na maji wala kutu, akijaze hadi shingoni, asichanganye mafuta ya zamani na mapya, na akiweke kivulini. Hatua hizo zinawezekana leo katika kila kijiji chenye mashine ya kukamua, na zitangulie kabla ya kufikiria kemikali yoyote.