Jina la Uhuru

Mwalimu aitapo majina asubuhi husema, "Uhuru hayupo," wala hasemi, "Uhuru haupo." Hapo ndipo neno lilipogeuka mtu.

Asili yake ni neno la Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Kiswahili kilipata "huru", kikatia u- mbele, kama katika utumwa. Lakini kama jina la mtoto ni geni. Lilipendwa hasa siku za kudai kujitawala. Uhuru Kenyatta alizaliwa tarehe 26 Oktoba, 1961, miezi michache baada ya baba yake kufunguliwa. Tanganyika ikajitawala tarehe 9 Desemba mwaka ule ule, na kilele cha Kilimanjaro kikaitwa Uhuru.

Kwetu Kilimatinde jina hili ni zito. Misafara ya watumwa na pembe ilipita nchi ya Ugogo kwenda pwani, kisha Wajerumani wakajenga boma lao hapa. Mzazi aliyemwita mwanawe Uhuru hakutafuta utamu wa sauti tu. Alitaka neno lile litamkwe nyumbani mwake kila siku, bila hofu.

Ila mwenye jina huvumilia mengi. Akichelewa mstarini, wenzake hupiga vigelegele: uhuru umefika!