Kompyuta mpya ya shamba: jinsi ya kuiandaa na kuitunza ili idumu misimu mingi

 

Leo siongelei mbegu wala viwavijeshi. Naongelea kifaa ambacho sasa nakikuta kwenye nyumba nyingi za vijana hapa Maisaka na vijiji vya jirani: kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita. Wengine mmenunua kwa pesa ya mavuno, wengine mmechangishana kwenye kikundi. Ni jambo zuri sana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta ni daftari linalojua kujumlisha.

Shida ni moja. Tunaijua trekta, tunajua lini ibadilishwe oili, lakini kompyuta tunaiwasha tu na kuanza kutumia. Mwaka jana kikundi kimoja cha vijana ninachokihudumia kilipoteza kumbukumbu za misimu miwili ndani ya usiku mmoja. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, asubuhi kompyuta haikuwaka. Fundi alipoifungua akakuta diski imekufa. Mikataba na mnunuzi wa mbaazi, orodha ya wanachama, hesabu za pembejeo, vyote vilikuwa humo na hapakuwa na nakala mahali pengine. Wiki hiyohiyo walikuwa wanatakiwa kupeleka taarifa ya mapato na matumizi kwa ajili ya mkopo. Mkopo uliwapita, na msimu wakaanza bila mbolea ya kukuzia.

Kwa hiyo tusome pamoja, hatua kwa hatua.

Kabla hujalipa

Dai risiti ya mashine ya EFD. Ni haki yako kisheria, na bila hiyo dhamana ya kompyuta ni maneno matupu. Hakikisha namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta ndiyo iliyo kwenye risiti au kadi ya dhamana. Ipige picha, itume kwa mtu unayemwamini. Siku ikiibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo.

Kama unanunua iliyotumika, uliza mambo matatu. Kwanza, RAM ni ngapi? Gigabaiti 8 zinatosha kwa kazi zetu, 4 utaumia. Pili, diski ni SSD au ni ile ya kuzunguka? Chukua SSD. Haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo inavumilia mtikisiko wa bodaboda kuliko ile nyingine. Tatu, inatumia Windows gani? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha maboresho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine nyingi za bei poa zinazouzwa sasa ni zile zisizoweza kupanda rasmi kwenda Windows 11. Si kwamba hazifanyi kazi, ila ni kama zizi lenye ukuta uliotoboka. Ukishanunua ya namna hiyo, fundi anaweza kukuwekea Linux Mint pamoja na LibreOffice. Vyote ni vya bure na vinatosha kwa hesabu na barua.

Siku ya kwanza

Kuna imani kwamba betri mpya lazima ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kutumia. Hiyo ilikuwa kwa betri za zamani. Betri za sasa ni za lithiamu, hazihitaji hayo. Chomeka, washa, endelea.

Ukiwasha itakuomba ufungue akaunti. Tumia barua pepe yako mwenyewe na namba ya simu yako mwenyewe, sio ya fundi wala ya muuzaji. Nimeshaona vijana wanaomba ruhusa kwa mtu wa dukani ili waingie kwenye mashine yao wenyewe! Kama ni ya kikundi, fungueni barua pepe ya kikundi, na viongozi wawili wajue neno la siri.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski yake kwa siri zenyewe, ili mwizi asisome kilichomo. Ni vizuri, ila siku moja baada ya matengenezo inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ukiukosa, hata wewe mwenye mali huingii, na kumbukumbu ndiyo basi. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia mapema, uandike kwenye karatasi, uweke pamoja na hati zako muhimu. Usiuache ndani ya kompyuta ileile. Huwezi kufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala.

Kisha ruhusu maboresho. Mara ya kwanza yanaweza kula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo usiyafanye kwa bando la siku. Nenda sehemu yenye Wi-Fi, au nunua bando la usiku. Yakiisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua hotspoti ya simu yako na uiweke kuwa mtandao wa kulipia kwa kiasi, ule unaoandikwa *metered*. Kompyuta itaacha kushusha vitu vikubwa kimyakimya.

Kuhusu virusi, Windows inakuja na kinga yake, nayo inatosha kama unaiacha imewashwa. Hatari kubwa kwetu ni flashi. Unaenda stesheneri kuchapisha fomu, unarudi na kirusi kinachoficha mafaili yako yote. Kila flashi ikitoka nje, ikague kwanza kabla ya kuifungua. Kama inawezekana, tuma faili kwa barua pepe, uchapishiwe, flashi ibaki nyumbani. Na programu za "kukraki" achana nazo. Ndiyo mlango mkuu wa wadudu hawa.

Umeme: hapa ndipo nyingi zinapofia

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Unapokatika hauna madhara makubwa, maana betri inashika kazi. Hatari ni unaporudi, kwa sababu mara nyingine huja na msukumo mkubwa kwa sekunde chache. Kanuni ni rahisi: ukikatika, chomoa chaja ukutani. Ukirudi, subiri dakika 5 hadi 10 utulie, ndipo uchomeke. Nunua kifaa cha kulinda na msukumo wa umeme, sio ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu tu. Na kipindi cha masika, ukisikia radi, chomoa. Hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga karibu.

Wale mnaotumia sola, tufanye hesabu. Chaja nyingi za kompyuta ni wati 65. Ukifanya kazi saa 4, unatumia kama watisaa 260. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri saa 5 inatoa watisaa 500 kwa hesabu ya karatasi, na pungufu kiasi ukitoa kinachopotea njiani. Kwa hiyo paneli moja inakutosha wewe, taa na simu, mradi huongezi televisheni. Angalia inveta: chukua ya mawimbi safi. Zile za bei ya chini hufanya chaja ipate moto na kunguruma, na mwisho huiua.

Kuhusu betri, adui yake mkubwa ni joto. Usiiache kompyuta ndani ya gari lililoegeshwa juani wala karibu na bati. Usipende kuimaliza hadi sifuri kila siku, na kama unashinda umechomeka, mashine nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Uwashe. Ukitaka kuiweka bila kuitumia kwa miezi, iache ikiwa na nusu chaji, sio tupu.

Vumbi, wadudu na barabara

Sisi wa Babati tunalijua vumbi la kiangazi. Lakini vumbi baya zaidi kwa kompyuta ni la kupukuchua mahindi na kupiga mbaazi. Ni jepesi, linaingia kwenye feni, linachanganyika na unyevu na kuwa kama blanketi ndani. Mashine inapata joto, inakuwa nzito, inazima ghafla. Kwa hiyo mashineni usiende na kompyuta. Andika kwenye daftari la karatasi au simu, uje uingize jioni.

Usiiweke juu ya godoro au blanketi, kwa maana wengi wanasahau kwamba inavuta hewa kwa chini. Iweke mezani. Usilie chakula juu yake. Makombo huita sisimizi, na sisimizi wakipata joto la ndani wanahamia kabisa. Skrini ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ikiwa imezimwa. Dawa ya vioo usiitumie. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, mpe fundi aifungue na kusafisha feni.

Ukisafiri nayo kwenda Galapo, Dareda au Magugu, izime kabisa, usiifunge tu mfuniko ikiwa imelala. Kwenye begi inaweza kuamka, ikapata joto bila hewa. Begi livaliwe mgongoni, sio kufungwa kwenye keria, na ndani pawe na mfuko wa nailoni wa kuzuia mvua. Ikimwagikiwa maji au chai: chomoa, zima kwa nguvu, igeuze kifudifudi, mpelekee fundi. Usiiwashe "kujaribu". Kujaribu ndiko kunakoiunguza.

Nakala: usiweke mbegu zote kwenye kihenge kimoja

Kompyuta inanunulika tena. Kumbukumbu za msimu hazinunuliki. Kanuni inayotumika duniani kote ni 3, 2, 1: nakala 3 za kazi yako, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Kwetu inakuwa hivi: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje au flashi inayokaa kabatini na isiyoenda stesheneri, na moja mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 za bure, na majedwali ya shamba la ekari hamsini hayatafika hata sehemu ndogo ya hizo. Chagua siku, mfano kila Jumapili jioni. Dakika kumi zinatosha.

Kama ni kompyuta ya kikundi na ina namba za NIDA na simu za wanachama, kumbuka kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za wenzako si za kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Wekeni neno la siri, na watoto wapewe akaunti yao ya kuchezea.

Sasa iifanyie kazi

Fungua jedwali, Excel au la LibreOffice, weka safu sita: Tarehe, Shamba, Kazi au bidhaa, Idadi, Bei, Jumla. Kwenye safu ya Jumla andika =D2*E2 kisha uivute chini. Mwisho andika =SUM(F2:F60). Umemaliza, hiyo ndiyo mhasibu wako.

Tuchukue mfano. Ekari moja ya mahindi imekula shilingi 620,000 na umevuna gunia 14 za kilo 100, yaani kilo 1,400. Gawanya: kila kilo imekugharimu kama shilingi 443. Mnunuzi akija na shilingi 420, asiye na hesabu anaona laki tano na themanini na nane mkononi, anafurahi. Wewe unajua umepoteza 32,000, bila kuhesabu jasho lako. Mnakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao na bei huku ikaanguka. Soko hatulitawali. Lakini mwenye kujua gharama yake kwa kilo anajua lini auze, lini asubiri, na msimu ujao apande nini.

Ni hesabu hizohizo zinazotakiwa ukiomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambamo vijana wana fungu lao la asilimia 4, au ukienda benki. Afisa mkopo hakopeshi maneno.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila siku: pangusa, zima kabisa ukimaliza, chomoa umeme ukikatika.
- Kila wiki: ingiza hesabu zote, tengeneza nakala.
- Kila mwezi: fanya maboresho, futa usichotumia, fungua nakala zako uone kama kweli zinafunguka. Nakala isiyofunguka si nakala.
- Kila baada ya mavuno: safisha feni, hamisha mafaili ya msimu kwenye folda yenye jina la mwaka.

Kabla ya kulala leo, fanya kitu kimoja tu kati ya hivi vyote: nakili mafaili yako mahali pa pili. Mengine tutaendelea nayo taratibu. Ukikwama kwenye jedwali, njoo ofisini na flashi yako, tutaikagua kwanza, halafu tutakaa pamoja.

Kazi njema na msimu mwema.