Vumbi la Dagaa kwa Ng'ombe wa Kakonko

Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, haina ziwa, ila barabara yake inayafikia mawili. Ukienda kusini, kupitia Kibondo na Kasulu, unatokea Kigoma kwenye dagaa wa Tanganyika. Ukienda kaskazini, kupitia Nyakanazi, unaelekea Mwanza kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Pande zote mbili kuna masalia: vumbi na vipande vya dagaa, na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara. Mengi huishia kwa kuku. Je, ng'ombe wa maziwa naye akilishwa, maziwa yake yatakuwa na lishe zaidi?

Kidogo tu, na si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria. Ng'ombe anacheua. Tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu vinavyochachusha kila kinachoingia, na mafuta ya samaki hayapiti salama. Omega-3 inayosifiwa hugeuzwa humo kuwa mafuta ya aina nyingine, hivyo sehemu ndogo tu hufika kwenye kiwele. Ukizidisha mafuta hayo, vijidudu huvurugika na maziwa hupungukiwa na malai. Anayetengeneza samli atalia wa kwanza. Mifupa ya mapanki nayo ina kalsiamu tele, lakini kiwango cha kalsiamu katika maziwa hakipandi kwa kulisha. Chakula kikipungua, ng'ombe huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Madini ya joto ndiyo hufuata chakula hadi kwenye maziwa, ila yamo zaidi katika samaki wa baharini, na dagaa wetu ni wa maji baridi. Hapo jiwe la madini la kulamba linasaidia zaidi.

Faida ya kweli iko kwenye protini. Dagaa mkavu, safi, ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na sehemu kubwa hulipita tumbo la kwanza bila kuvunjwa, ikafyonzwa mbele. Kwa ng'ombe wa chotara anayeshinda na mabua ya mahindi wakati wa kiangazi, hilo laweza kuongeza wingi wa maziwa, mradi awe na pumba za kutosha za kumpa nguvu. Chekecha vumbi, kisha tia kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji: mchanga utazama, nawe utajua unanunua nini. Lenye ukungu au harufu ya kuoza, acha. Anza na kiasi kidogo, usivuke nusu kilo kwa siku, na mpe baada ya kukamua ili harufu isiingie kwenye maziwa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku unga wa samaki kwa wanyama wanaocheua mwaka 2001, wakati wa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Samaki hawakuwa chanzo. Kilichoogopwa ni unga wao kuchanganywa na nyama na mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo kiroba kisichojulikana kimetoka wapi kisiingie bandani.

Kuna pia tatizo la msimu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo majani yanapokauka huku juu, yaani vumbi linaadimika pale hasa linapohitajika, na bei haimhurumii mtu. Mfugaji wa Kakonko mwenye kipande cha shamba angepanda mabingobingo na lusina kwanza. Majani mabichi yenyewe huongeza omega-3 na vitamini A katika maziwa, na hayasubiri lori.

Na kama nia ni mtoto apate lishe ya samaki, apikiwe dagaa. Kumpitishia kwenye ng'ombe ni kupoteza sehemu kubwa njiani.