Washangiliaji wa Ghaibu

Tarikhi za vilabu vyetu vikubwa aghalabu huanzia Kariakoo na kukomea huko huko. Msomaji ataambiwa kwamba Yanga ilizaliwa 1935, kwamba Simba iliifuata 1936 na ikaitwa Sunderland hadi 1971, kwamba ligi ya taifa ilianza 1965. Atasimuliwa wachezaji, makocha na viongozi waliohasimiana. Na ikiwa mwandishi ni mkarimu, atapewa ukurasa mmoja juu ya washangiliaji waliokuwa wakiketi katika majukwaa ya Uwanja wa Taifa. Watu waliokuwa wakishangilia Kiomboi, huko Iramba, mamia ya kilomita kutoka uwanja huo, katika miaka ambayo Tanzania Bara haikuwa na runinga, hawamo. Nami nilikuwa sijapata kuwafikiria, mpaka nilipokutana na mzee mmoja wa mji huo, fundi redio aliyestaafu, ambaye majirani humtaja kwa cheo kimoja tu: kiongozi wa ushangiliaji wa Simba. Baada ya kumwamkia nilimwuliza ni mara ngapi aliiona Simba ikicheza katika miaka ya sabini. Akajibu pasipo haya wala majuto: "Hata mara moja, mwanangu."

Jibu hilo lilinikaa moyoni, maana halikuafikiana na cheo. Mtu aongoze vipi shangwe za mchezo asiouona? Nikamwomba anieleze kazi yake ilivyokuwa, naye akanieleza kwa taratibu ya fundi, kuanzia betri.

Betri, asema, ndizo zilizokuwa mwanzo wa kila kitu. Redio ya duka lake ilikula sita, zile kubwa, na palipokuwa na uhaba hazikupatikana kwa fedha wala kwa hisani. Basi siku ya mechi alizitoa tangu asubuhi, akazianika juani juu ya bati, akizigeuza, hata zikarudishiwa nguvu kidogo za kufikisha dakika tisini. Hakuna aliyeruhusiwa kuiwasha redio kabla ya wakati, hata kwa taarifa ya habari. Saa ilipowadia aliiweka juu ya stuli mlangoni, kioo chake kikielekea ukutani na mgongo ukielekea watu, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeachiwa kugusa kitufe cha kutafutia stesheni, na sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilifika Kiomboi ikijaa na kupwa kama maji ya bahari ambayo wengi wa wasikilizaji wale walikuwa hawajapata kuyaona.

Hapo ndipo palipokuwa na mashaka, na hapo ndipo palipozaliwa maarifa yake. Watu walikuja na ngoma, na debe, na filimbi, na wanawake walikuja na vigelegele vyao. Lakini kelele ya bao moja ilitosha kuifunika sauti ya mtangazaji, na aliyeshangilia sana alikosa kujua kilichofuata. "Uwanjani," asema mzee, "hata ukipiga kelele kutwa, macho yako yanaona. Sisi macho yetu yalikuwa masikio. Ukishangilia, umejiziba macho mwenyewe." Kwa hiyo alitwaa fimbo, akaishonea kitambaa upande mwekundu na upande mweupe, rangi za klabu yenyewe, akawafundisha halaiki ile sheria mbili. Akiinua upande mwekundu, kila mwenye ngoma apige na kila mwenye sauti aitoe. Akigeuza mweupe, yote yanyamaze papo hapo, hata kigelegele kilichokuwa njiani kimezwe. Baina ya rangi hizo mbili aliwapa muda wa pumzi chache, asizidishe, ilhali sikio lake la kulia limegandamana na redio; na kwa kuwa alikuwa fundi, aliweza kulitambua jina la mchezaji katikati ya mikwaruzo ambayo wengine waliisikia kuwa mikwaruzo tu.

Ushangiliaji wa namna hiyo nauhesabu miongoni mwa sanaa, nao wastahiki taadhima ya sanaa. Kuwafanya watu wengi wapige kelele si kazi kubwa. Kuwafanya wakatishe furaha yao katikati, kwa hiari, kwa ajili ya kumsikiliza mtu mmoja aliye mbali, ni nidhamu ambayo majeshi huifundisha kwa miaka.

Tarehe 10 Agosti 1974 nidhamu hiyo ilijaribiwa. Simba na Yanga walikutana Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa, na kwa watu wa Kiomboi Mwanza si Dar es Salaam. Wapo walioteremka mlima wa Sekenke kwa lori wakaenda. Yeye alibaki. Nilipomwuliza kwa nini, ilhali nafasi ilikuwapo, alinitazama kwa mshangao: "Redio ningemwachia nani?" Adam Sabu alitangulia kuifungia Simba, na wekundu ukapanda. Mchezo ulipokaribia kwisha Gibson Sembuli akasawazisha; katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaifungia Yanga la pili. Mzee aliushika weupe juu hata matangazo yalipofungwa, na hakuna aliyetoka kabla hajaushusha.

Malipo yake yalikuja tarehe 19 Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga mabao sita kwa bila, ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Lakini hata siku hiyo ilimwachia kidonda. Baada ya bao la nne watu walimshinda. Aligeuza weupe na hawakuutazama, na kelele zilipotulia mtangazaji alikuwa akisema ni tano. "Bao la tano sikulisikia," asema, na sauti yake ingali na uchungu. Tangu hapo amewauliza wasafiri lilivyofungwa, na kila mmoja amempa hekaya yake. Nilijitolea kumtafutia habari zake katika magazeti ya zamani. Alikataa kwa upole. Alitaka kulisikia, hakutaka kulisoma.

Washangiliaji tunaowakumbuka ni wale walioonekana. Ally Yanga, aliyejipaka rangi za klabu yake mwili mzima, alipofariki katika ajali ya gari mkoani Dodoma mwezi Juni 2017, nchi nzima ilimlilia. Isaac Juma wa AFC Leopards na Harambee Stars alipouawa kwao Mumias mwezi Januari 2022, Kenya ilimlilia vivyo hivyo. Walistahili. Lakini timu ya mpira haikubebwa na walio mbele ya kamera peke yao, na sidhani kwamba klabu mbili za mtaa mmoja wa Dar es Salaam zingekuwa klabu za nchi nzima pasipo watu wa ghaibu, waliozipenda kwa masikio. Nani atawaandika, na kwa ushahidi gani? Mzee hana hata picha moja.

Siku hizi mkoa wa Singida, ilimo Kiomboi, una timu zake. Singida United iliporejea Ligi Kuu 2017, vigogo wa Kariakoo walilazimika kuja kucheza katika uwanja wa Namfua, na mzee akasafirishwa na mjukuu wake kwenda kuiona Simba kwa macho. Alifurahi, asema, ila alichoka upesi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia watu wanyamaze.

Tulikuwa tukikaribia kuagana ndipo mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama karibu nasi, aliposema neno. Nilikuwa nimemwuliza mzee kwa nini hakuna mwanamke aliyepata kukishika kile kitambaa, naye alikuwa angali akitafuta jibu. "Sisi tulikaa nyuma kabisa," akasema bibi, "redio hatukuisikia hata kidogo. Tulikuwa tukikitazama kitambaa tu." Mzee akakanusha: sauti iliwafikia, yeye mwenyewe aliipima. Bibi akasema haikuwafikia, si 1974, si 1977, si siku yoyote. Kwamba walipiga vigelegele kwa bao ambalo hawakulijua mfungaji wake wala dakika yake, wakaenda kuulizana njiani. Mzee akamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. "Ningesema saa ngapi," bibi akajibu, "nawe umeinua cheupe?" Wakaendelea kubishana, nami sikuwa na la kuwaamulia.