Betri Mpya kwa Gari Kuukuu: Pimeni Kwanza, Nunueni Baadaye

Safari hii tungependa kuzungumza juu ya kitu ambacho hukaa kimya mpaka siku ya shida: betri ya gari. Sisi ni kamati ya gari ya kikundi cha kujisaidia hapa Samburu, si mbali na Maralal. Tunaandika kwa sababu tulikosea, na kosa lile lilitumaliza mfuko. Hatungependa wenzetu walipie somo hilo mara ya pili.

Gari letu ni Land Rover 110 ya mwaka 1986, dizeli ya lita 2.5. Linabeba mahindi, mbuzi wa soko, vifaa vya maji, na usiku linabeba wagonjwa. Usiku mmoja, yapata saa tisa, tulimbeba mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Dereva akazungusha ufunguo. Tik! Akazungusha tena. Tik! Wanaume kwa wanawake wakatoka kusukuma kwenye baridi ile ya Maralal, na kwa neema gari likawaka kwenye mteremko. Mama alijifungua salama. Lakini mnajua wenyewe, si kila boma lina mteremko.

Kesho yake tukakutana. Kila mtu akasema, "Betri imekufa." Tukachanga pesa, betri ya zamani tukaiuza kama chuma chakavu, tukanunua nyingine. Muuzaji alituonyesha moja yenye namba 100, akasema ina nguvu kuliko ile yetu ya 70. Tulifurahi. Tulipoifunga, Land Rover ikasema: tik!

Fundi mmoja alipokuja alichukua dakika kumi tu. Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mwili wa gari na injini, ule wa bodi, ulikuwa umeliwa na kutu. Alipousafisha na kuukaza, stata ikazunguka. Kumbe betri tuliyouza haikuwa imekufa! Tena ile mpya ilikuwa betri ya sola. Asubuhi za baridi ilisumbua, na haikumaliza mwaka. Kwa hiyo tulinunua betri mbili, na ya kwanza haikuhitajika kabisa.

Kwanza: je, ni betri kweli?

Mwombeni fundi mwenye mita, au kikundi kinunue moja. Mita ndogo ina bei ya chini sana kuliko betri. Pimeni hivi:

1. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, pimeni betri yenyewe. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. Volti 12.4, imebaki kama robo tatu. Volti 12.2, nusu. Volti 12.0 au chini, iko karibu kuisha. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba hutoa kama volti 2.1. Ukipata volti 10.5 hata baada ya kuchaji, huenda chumba kimoja kimekufa.

2. Mtu mmoja apige stata huku mwingine akisoma mita. Ikiwa betri ilikuwa imejaa, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka sana, betri imechoka.

3. Injini ikiwa inanguruma, pimeni tena. Volti ziwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Zikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, au fanbelti imelegea. Zikipita 15, betri inapikwa. Hapo hata mkinunua betri mpya kila mwezi, zote zitakufa. Betri isilaumiwe kwa makosa ya alteneta.

4. Wekeni waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kutoa (–), na wa pili kwenye chuma safi cha injini. Pigeni stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa bodi una kasoro. Hiki ndicho kipimo ambacho kingetuokolea pesa zetu.

Kama hamna mita, washeni taa kubwa kisha mpige stata. Taa zikififia mpaka karibu kuzima, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vina uchafu. Taa zikibaki zinang'aa na stata imenyamaza, tazameni stata na nyaya zake kabla ya kutoa hata shilingi.

Pia ulizeni kama kuna kitu kinachokunywa umeme gari likiwa limelala. Wacha tupige hesabu. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 hutumia kama ampea 0.4. Betri ya 70 itamalizwa na taa hiyo kwa saa 175, yaani wiki moja. Nusu ya wiki tu tayari imefika nusu. Gari linalotembea siku ya soko peke yake linaweza kukuta betri imeisha, na betri yenyewe haina ugonjwa.

Pili: betri ipi inafaa?

Vipimo vikithibitisha kwamba betri ndiyo mbovu, msiende dukani mikono mitupu. Nendeni na karatasi yenye mambo haya.

Kazi yake. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba na nyingi, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache. Betri ya sola ina sahani nene, ili itoe kidogo kidogo usiku kucha. Stata ya dizeli inataka mamia ya ampea kwa mara moja, na hita plagi nazo zinakula umeme kabla stata haijageuka. Kwa hiyo msitumie betri ya sola kuwashia gari. Na msitoe betri ya gari kwenda kuwasha taa na redio za mkutano. Kila ikimalizwa kabisa, maisha yake yanafupika.

Nguvu yake. Namba 70 maana yake ni kwamba betri inaweza kutoa ampea 3.5 kwa saa 20. Hiyo ni akiba, si nguvu ya stata. Nguvu ya stata huandikwa CCA: ni ampea ambazo betri hutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye baridi kali ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. Fuateni kitabu cha gari. Kama kitabu kilipotea, tazameni ile betri iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, na msinunue iliyo chini yake. Sisi sasa tunatumia N70 ya gari, na hata asubuhi ya baridi inageuza injini. Betri kubwa kidogo haiharibu alteneta ya zamani. Injini itachukua tu muda mrefu zaidi kuijaza.

Ukubwa wake. Pimeni sanduku la betri kwa futi ya fundi cherehani: urefu, upana na kimo. N70 ina urefu wa kama sentimita 30, upana 17 na kimo 22 pamoja na vichwa. Katika Land Rover 110 kama yetu, betri iko chini ya kiti cha mbele cha abiria, na mfuniko wake ni wa chuma. Betri ikiwa ndefu kwenda juu, vichwa vitagusa mfuniko mtu akikaa. Hapo ni cheche na moto chini ya abiria. Jambo hili si mchezo.

Vichwa vyake. Simameni mbele ya betri, vichwa vikiwa upande wenu, mwandike alama ya kujumlisha (+) iko kulia au kushoto. Ikiwa upande tofauti, nyaya hazitafika, na mtu atashawishika kuzivuta. Tazameni pia unene. Betri nyingi za magari madogo ya Japani zina vichwa vyembamba. Vishikio vya Land Rover havitakaza hapo, hata mkijaza vipande vya bati.

Idadi. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zina betri mbili. Nyingine zimeunganishwa kutoa volti 24, nyingine zinabaki volti 12. Msibahatishe: chukueni picha au mchoro wa nyaya kabla ya kufungua. Na mnunue zote mbili pamoja, za aina moja. Mpya ikifungwa pamoja na kuukuu, ile kuukuu huivuta mpya kaburini.

Ya vifuniko au iliyofungwa kabisa? Iliyofungwa haitaki kuongezwa maji, lakini maji yakikauka hakuna la kufanya. Sisi tunashuka kutoka baridi ya Maralal mpaka joto la Baragoi na South Horr. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili iwe nzito. Joto nalo hukausha maji na kula sahani. Kwa safari kama hizo tulichagua ya vifuniko, tuweze kutazama maji wenyewe.

Tatu: pale dukani

Ulizeni tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyotiwa asidi ikikaa kwenye rafu miezi mingi huanza kuharibika kabla ya kuuzwa. Mwambieni muuzaji apime mbele yenu. Ikiwa chini ya volti 12.5, aichaji kwanza au mchague nyingine. Betri "iliyofufuliwa" ni rahisi kwa bei, lakini hakuna anayejua sahani zake zina hali gani.

Chukueni risiti yenye jina la kikundi na tarehe, na karatasi ya waranti iliyopigwa mhuri. Mweka hazina aziweke kwenye faili, si dereva kwenye dashibodi. Andikeni tarehe ya kufunga juu ya betri kwa rangi.

Betri kuukuu irudisheni dukani. Maduka mengi hupunguza bei ukiirudisha. Msikubali mtu aivunje kijijini kutengeneza vyuma vya kuvulia samaki au uzito wa mizani. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 mahakama ya juu zaidi nchini ikaunga mkono uamuzi huo. Lakini fidia haimrudishii mtoto akili yake.

Nne: kufunga na kutunza

Vueni pete, saa na bangili za chuma. Fungueni waya wa kutoa (–) kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Sababu ni hii: magari karibu yote ya leo yana upande wa kutoa (–) kwenye bodi. Ukianza na wa kujumlisha (+), spana ikigusa chuma cha gari, umeme wote utapita hapo kwa ghafla. Tahadhari: Land Rover za kale, za kabla ya mwaka 1967 hivi, zilikuwa na upande wa kujumlisha kwenye bodi. Tazameni kwanza.

Sugueni vichwa na vishikio mpaka ving'ae, mkaze, kisha mpake grisi juu yake. Fungeni betri imara. Barabara zetu za mawimbi hutikisa sahani mpaka zikakatika, na betri inayocheza haimalizi miaka yake.

Kila mwezi fungueni vifuniko. Maji yafunike sahani. Ongezeni maji ya betri tu, si ya kisima wala ya bomba, kwa sababu chumvi huharibu sahani. Asidi msiongeze. Na mtu asilete sigara wala taa ya mafuta karibu, maana betri hutoa gesi inayolipuka.

Tangu tufanye hivyo, dereva hupima betri kila Jumamosi na kuandika volti kwenye daftari. Ni kazi ya dakika mbili. Mwezi uliopita tuliitwa usiku tena, saa nane, mgonjwa akiwa mtoto mwenye degedege. Dereva alizungusha ufunguo mara moja tu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nani kati yetu anajua betri ya gari letu ilifungwa lini? Risiti iko wapi?

2. Mara ya mwisho gari lilipokataa kuwaka, tulipima nini kabla ya kununua?

3. Nani atakuwa na daftari la volti, na nani atashika kazi akiwa safarini?

Tunawatakia safari njema na injini zinazowaka.