Mbwa Wako Akikohoa, Usingoje Adhoofike

Kwa kawaida kikohozi hicho husikika usiku. Mbwa ambaye kazi yake ni kubweka langoni sasa anakohoa kikohozi kikavu, kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Asubuhi baba anasema ni vumbi, mama anasema ni baridi ya Julai, nao watoto wanaendelea kucheza naye. Siku ya tatu hataki hata ugali uliochanganywa na maini. Hapo ndipo watu wanaanza kuulizana nani ana nambari ya daktari wa mifugo.

Msomaji, huenda hukujua kwamba mbwa pia huugua homa ya mafua. Ugonjwa huu haukujulikana kwa mbwa hadi hivi majuzi. Januari 2004, katika uwanja mmoja wa mashindano jimboni Florida, Marekani, mbwa 22 wa mbio waliugua ghafla na 8 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba virusi hivyo, aina ya H3N8, vilikuwa vya farasi na vimewarukia mbwa. Aina ya pili, H3N2, ilitokana na ndege. Ilianza Bara Asia, na mwaka 2015 ikazuka Chicago, ambako zaidi ya mbwa 1,000 waliugua. Aina hii huwashika paka pia.

Usiwe na wasiwasi juu ya watoto. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuambukizwa mafua hayo na mbwa.

DALILI ZAKE

Siku mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, mbwa huanza kukohoa na kupiga chafya. Hutokwa na kamasi, kwanza nyepesi kisha nzito. Macho hulia, joto la mwili hupanda, hulala kutwa na kukataa chakula. Wengi hupona baada ya wiki mbili au tatu. Wachache hupatwa na nimonia, na hao wakicheleweshewa matibabu hufa. Ukiona mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi na mbwa anahema hali amelala, usingoje kesho.

Kumbuka pia kwamba karibu mbwa mmoja kati ya watano walioambukizwa haonyeshi dalili yoyote, lakini anaweza kuwaambukiza wenzake.

SI KILA KIKOHOZI NI MAFUA

Hapa kwetu, mbwa akikohoa, yafikirie magonjwa mengine pia. Kuna kikohozi cha mbwa wanaofungiwa pamoja, ambacho mara nyingi si kikali. Kuna distempa, ambayo huua watoto wa mbwa kwa wingi. Macho hutoa usaha, mbwa hutapika na kuharisha, na baadaye huanza kutetemeka au kushikwa na kifafa. Distempa si ya kupuuzwa. Mwaka 1994 iliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti na kufika hadi Masai Mara, na wataalamu waliwashuku mbwa wa nyumbani walioishi kando ya mbuga.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Sauti ya mbwa hubadilika, mate humtiririka, hawezi kumeza, na huonekana kana kwamba ana mfupa kooni. Tafadhali usitie mkono kinywani mwake kuutafuta mfupa huo! Mfungie mahali pamoja, waondoe watoto, umwite daktari. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra sana kupona.

MATIBABU

Mafua ya mbwa hayana dawa maalumu ya kuyaponya. Daktari humsaidia mbwa apigane nayo mwenyewe: humwekea maji mwilini, hutuliza homa, na humpa antibiotiki iwapo bakteria wameingia mapafuni. Kazi yako ni kumpa mahali pakavu na penye joto, maji safi, na chakula laini kama uji au supu ya nyama isiyo na vitunguu. Mfungue mnyororo shingoni, kwa maana humzidishia kikohozi.

Usimpe tembe za maumivu za watu. Parasetamoli na ibuprofeni humdhuru mbwa, na parasetamoli humwua paka.

KINGA

Virusi vya mafua husafiri kwa chafya, kwa vyombo na kwa mikono yetu. Huweza kuishi hadi saa 48 juu ya bakuli au sakafu, na saa 24 kwenye nguo. Kwa hivyo:

- Mtenge mbwa mgonjwa na wenzake kwa wiki tatu au nne, hata akionekana amepona.
- Mpe bakuli lake mwenyewe, na mlishe wa mwisho.
- Osha mikono kwa sabuni na ubadilishe nguo kabla ya kumgusa mbwa mwingine.
- Safisha kibanda kwa sabuni, kisha kwa kipimo kimoja cha Jik katika vipimo 30 vya maji.
- Mbwa mgeni, hasa aliyenunuliwa kando ya barabara, akae peke yake kwanza.

Marekani kuna chanjo ya mafua ya mbwa. Kwetu, chanjo zisizofaa kukosekana ni ya distempa, ambayo mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi afikishe wiki 16, na ya kichaa, kuanzia miezi mitatu na kila mwaka baadaye. Leo jioni, toa kadi ya chanjo ya mbwa wako uangalie tarehe ya mwisho. Kama hana kadi, kesho mpeleke.