Mafunzo ya kasuku

Mafunzo ya kasuku ni utaratibu wa kumzoesha kasuku anayefugwa kutenda jambo fulani anapopewa ishara, kwa mfano kupanda mkononi, kujizungusha, kuokota kitu au kutamka neno. Msingi wake ni tuzo: ndege akipata chakula anachokipenda mara tu baada ya kitendo, hukirudia kitendo hicho. Kumpiga, kumfokea au kumshindisha njaa hakumfundishi; humfanya aogope mikono, na kasuku mwenye hofu huuma.

Uwezo wa kujifunza

Kasuku hana nyuzi za sauti kama binadamu. Hutoa sauti kwa kiungo kiitwacho sirinksi, kilichopo pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni, na huirekebisha kwa ulimi wake mnene. Kasuku wa kijivu (Psittacus erithacus) ndiye anayesifiwa zaidi kwa kuiga maneno. Kasuku wadogo wa jenasi Agapornis ni nadra kusema, lakini hujifunza vitendo.

Katika Kiswahili, mtu anayekariri bila kuelewa hufananishwa na kasuku. Utafiti wa Irene Pepperberg nchini Marekani ulionyesha kwamba ndege huyu anaweza zaidi ya hapo. Kasuku wake wa kijivu, Alex, aliyenunuliwa katika duka la wanyama mwaka 1977 na kufa mwaka 2007, alijifunza maneno zaidi ya 100, akataja rangi na maumbo ya vitu na kuhesabu hadi sita. Hakufundishwa kwa kurudiarudia neno tu. Watu wawili waliulizana na kujibizana mbele yake kuhusu kitu fulani. Aliyejibu sawasawa alipewa kitu hicho, na Alex akashindana kukipata.

Hatua za mafunzo

1. Kuzoeana. Mfugaji hukaa karibu na kizimba, huongea kwa sauti ya chini na kutoa chakula kwa mkono. Kwa ndege mwoga hatua hii huweza kuchukua wiki kadhaa.

2. Kuchagua tuzo. Mbegu za alizeti au kipande cha tunda hutosha. Tuzo iwe ndogo, na isiwemo katika chakula cha kila siku.

3. Kugusa kijiti. Ndege huoneshwa kijiti. Akikigusa kwa mdomo, mfugaji hutoa mlio mfupi usiobadilika au neno moja, kisha tuzo. Mlio humjulisha ni kitendo kipi hasa kilichompatia chakula.

4. Kujenga kitendo. Ili ajizungushe, kijiti huongozwa polepole kumzunguka. Mwanzoni hutuzwa kwa kugeuza kichwa, baadaye kwa nusu mzunguko, mwishowe kwa mzunguko kamili. Kijiti huondolewa kidogo kidogo, ikabaki ishara ya kidole.

Kipindi cha dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, kinafaa kuliko saa nzima. Ndege akigeuka kando, akibana manyoya au akifungua mdomo kutisha, kipindi husimamishwa.

Mazingira ya mjini

Katika maeneo yenye msongamano kama Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, kasuku huweza kuiga honi za pikipiki, milio ya simu na kelele za wauzaji bila kufundishwa. Kelele na taa za usiku pia humkosesha usingizi, naye huhitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Asipozipata hujifunza kwa shida na huwa mkali. Kizimba kisiachwe kwenye baraza inayopigwa na jua la mchana, hasa miezi ya joto kali kuanzia Desemba hadi Machi.

Mbegu na karanga zinazouzwa sokoni zichambuliwe, kwani zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Parachichi na chokoleti ni sumu kwa kasuku. Moshi wa mkaa humdhuru, na mvuke wa kikaango kisichoganda chakula kilichopata moto kupita kiasi huweza kumwua kwa dakika chache.

Sheria na uhifadhi

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu wanyamapori wa Tanzania kuwa mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini. Kuwakamata bila leseni ni kosa, hata kama ndege ni mdogo na ananunuliwa kwa bei nafuu barabarani.

Katika miaka ya 1980 kasuku mdogo wa Fischer (Agapornis fischeri), ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, alikamatwa kwa wingi na kuuzwa nje. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Mwaka huohuo mkutano wa CITES mjini Johannesburg ulimweka kasuku wa kijivu katika Kiambatisho I, kinachozuia biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini.

Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi akitunzwa vema. Ndege aliyezaliwa kizimbani huzoea watu haraka kuliko aliyenaswa porini, ambaye hofu yake huweza kudumu miaka mingi.